Nafasi ya Mzee Katika Nyanda za Ufipa

Kwa hesabu ya serikali ya Tanzania, uzee huanza mtu anapotimiza miaka 60. Kipimo hicho kimo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na ndicho kinachofuatwa kwenye zahanati, halmashauri na ofisi za ustawi wa jamii. Sensa ya 2012 ilikuta wazee zaidi ya milioni 2.5 nchini, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Yaani kati ya Watanzania kumi na wanane, mmoja hivi ni mzee.

Mkoani Rukwa mzee huyo amezungukwa na watoto. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,004,539. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ikahesabu 1,540,519, ongezeko la zaidi ya nusu. Wahamiaji wamo, hasa wafugaji walioingia na ng'ombe wao Bonde la Ziwa Rukwa, lakini watoto waliozaliwa humo humo ni wengi mno. Madarasa, chanjo, wodi za wazazi: hayo ndiyo yanayomaliza fedha za halmashauri, na ni haki yawe hivyo. Tatizo ni kwamba kundi dogo lisilopiga kelele husahaulika kirahisi, na wazee ndio kundi hilo.

Nyanda za Ufipa, zilizo katika mkoa huo, ziko kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Kaskazini kuna Nkasi, kusini kuna Kalambo inayopakana na Zambia. Nchi ni ya nyasi na upepo, miti ni michache, na Juni na Julai baridi yake humwingia mtu hadi kwenye mifupa. Kwa mzee anayelala peke yake, kuni na blanketi huko ni mahitaji ya kila usiku.

Wafipa, wenyeji wa nyanda hizo, wana adabu ya kumwamkia mkubwa ambayo mgeni huiona mara tu anapofika: kijana huchuchumaa na kupiga makofi taratibu, hasimami wima mbele ya mzee kana kwamba ni rika lake. Adabu hiyo ni ya kweli na inastahili kulindwa. Hata hivyo, salamu haimlishi mtu. Mzee anathaminiwa pale anapokuwa na mahali pake katika mambo manne: kazi anayoiweza, kipato anachokitegemea, usalama wa roho na mali yake, na sauti katika maamuzi. Ufipa ina historia ndefu ya kumpa mzee mambo hayo, na ina historia nyingine, chungu, ya kumnyang'anya. Zote mbili zinafaa kutazamwa kwa karibu.

Kabla ya ukoloni Ufipa ilikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa. Kabla ya dola hizo kulikuwa na Milansi, kijiji cha watawala wa kale, ambacho heshima yake ilidumu hata baada ya madaraka kuhamia kwa Watwa. Sehemu kubwa ya habari hizi haikuandikwa na watu wa wakati huo. Ilikaa vinywani mwa wazee. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliisikia kwao, na mwaka 1981 akachapisha kitabu kizima kuhusu namna dola hizo zilivyojengeka. Kabla ya hapo, mwaka 1978, alikuwa ametoa mkusanyo wa hadithi za Kifipa. Ni vigumu kuona historia ya nchi hii ingeandikwaje kama wazee wale wangeonekana watu waliokwisha kazi yao.

Willis alishangazwa pia na jinsi Wafipa walivyoyapenda mazungumzo. Kijiji cha Kifipa hakikuwa cha ukoo mmoja. Watu waliweza kuhama kijiji hiki na kwenda kingine, na aliyepata heshima ni yule aliyejua kukaa na wenzake na kusema kwa busara. Katika mazingira hayo uzee ulikuwa mtaji. Pombe ya ulezi iitwayo kimpumu hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, maji ya moto yakiongezwa kadiri inavyopungua. Chungu hakinywewi kwa haraka. Mzee aketiye hapo anasikilizwa, anaulizwa mpaka wa shamba ulikuwa wapi, nani alimuoa nani, mvua ya mwaka fulani ilikatika lini. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa mahakama, maktaba na ofisi ya ardhi.

Utaalamu mkubwa kuliko wote uliopita mikononi mwa wazee wa Ufipa ulikuwa wa chuma. Tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma liliitwa ilungu, kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likapanda juu ya kimo cha mtu hata kufikia mita tatu, pana chini na jembamba juu. Kuzunguka kitako chake yaliachwa matundu ambamo hewa ilijivuta yenyewe. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Mkaa na mawe vilijazwa kutoka juu, moto ukawashwa, na tanuru likaachwa liwake kwa siku kadhaa. Kilichotoka hakikuwa bado chuma cha kufua. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, lenye mivukuto, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakipiga kuwa jembe, shoka au mkuki.

Kazi yote iliongozwa na bingwa mmoja, mtu aliyekwisha kuiona mara nyingi. Alijua udongo wa kichuguu kipi unastahimili moto, mti upi unatoa mkaa mzuri, dawa zipi ziwekwe chini ya tanuru, na miiko ya wafanyakazi, ukiwamo wa kukaa mbali na wake zao mpaka chuma kitoke. Tanuru jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi. Kijana aliyetaka ufundi huo hakuwa na njia nyingine isipokuwa kukaa chini ya mzee, misimu na misimu, akibeba mkaa na kutazama.

Majembe ya dukani yalipoenea, malungu yalizimika. Ilikuwa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Magofu yake bado yanaonekana katika sehemu za Ufipa. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyachunguza kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1995 na akaendelea kuyaandikia kwa miaka mingi. Randi Barndon wa Norway naye aliwafuata wazee wa Kifipa na wa Kipangwa ili kuelewa kazi hiyo ilifanywaje. Mavi ya chuma yaliyolala ardhini yanaweza kumwambia mtafiti moto ulifikia joto gani. Hayawezi kumwambia ni nani aliyekatazwa kulisogelea tanuru, wala kwa nini. Hilo lilibaki kwa watu wachache waliokuwa wameona kwa macho yao au kuhadithiwa na baba zao, na kila mmoja aliyekufa bila kuulizwa alikwenda na sehemu yake.

Kilimo kina mfano wa aina hiyo, na huu bado una uhai. Wafipa walikuwa na namna yao ya kurutubisha ardhi ya nyasi. Mvua zikielekea mwisho, nyasi zilikatwa, zikakusanywa kwenye vilima vidogo na kufukiwa kwa udongo ili zioze. Maharage yaliweza kupandwa juu ya vilima hivyo. Msimu uliofuata vilibomolewa, udongo ukasambazwa shambani na kupandwa ulezi. Maofisa wa kilimo wa kikoloni waliuona utaratibu huo na kuuandikia. Baadaye mahindi na mbolea ya chumvichumvi vilichukua nafasi, na Rukwa ikawa moja ya mikoa inayotegemewa kuilisha nchi. Lakini bei ya mbolea ilipopaa duniani mwaka 2021 na 2022, hadi serikali ikarudisha ruzuku, wenye mashamba madogo walihitaji kujua namna ya kuvuna bila mfuko wa dukani. Watu wenye jibu walikuwapo vijijini, wana zaidi ya miaka 70, na ni nadra mtaalamu wa ugani kwenda kuwatafuta.

Bibi naye ana ghala lake. Juu ya meko, kwenye uchaga unaofikiwa na moshi, huning'inizwa mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Kwenye vibuyu na makopo kuna maharage ya rangi mbalimbali, haya ya kuwahi, haya ya kustahimili baridi, haya ya kuliwa mabichi. Hiyo ni kazi, ingawa haimo katika kitabu chochote cha malipo.

Anayedhani uzee ni wakati wa kuwekwa pembeni na amtazame Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomea utabibu Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, na hakuondoka tena. Alitibu watu hapo kwa zaidi ya miaka 60 na kufariki mwaka 1956, akiwa amekaribia miaka 90. Karema leo iko mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini Sumbawanga inamkumbuka: hospitali ya Kanisa Katoliki mjini hapo inaitwa kwa jina lake. Alipokuwa mzee kabisa, watu waliendelea kumfuata kwa sababu alikuwa ameona maradhi yao, ya baba zao na ya babu zao.

Mambo yaliyoitikisa nafasi ya mzee Ufipa yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na washauri wa machifu wakabaki bila baraza. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilizihamisha kaya kutoka makazi yao ya zamani na kuzipanga kwenye vijiji vikubwa, na sheria ya vijiji ya 1975 ikakabidhi madaraka kwa halmashauri ya kijiji yenye mwenyekiti na katibu. Anayejua kusoma na kuandika akawa na nguvu kuliko anayejua mipaka ya zamani. Shule ziliwafundisha watoto Kiswahili na hesabu, jambo jema lisilo na ubishi, ila hazikumwachia babu hata saa moja kwa juma. Halafu, katika miaka ya 2010, barabara ya lami ikafika Sumbawanga kutoka Tunduma. Vijana ambao zamani walitoka kwa vipindi kwenda mashamba ya mkonge au migodi ya Copperbelt, sasa hupanda basi asubuhi kwenda Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam na kuanza maisha huko. Wengi hutuma fedha kwa simu, wanapopata. Wengine hutuma watoto.

Hilo la watoto lina uzito kuliko linavyosemwa. Katika kaya nyingi za Ufipa anayepika, anayelisha na anayelala na mtoto aliyeachishwa ziwa ni bibi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, au yuko mjini. Rukwa, mkoa wa mahindi na maharage, ulikuwa wa kwanza nchini kwa udumavu wa watoto katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16: asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao ulivyotaka. Utafiti wa 2022 ulionyesha nafuu, lakini bado karibu nusu walikuwa wamedumaa. Sababu ni nyingi: uji mwembamba wa mahindi matupu, kazi nzito za akina mama, maji machafu, kuharisha. Serikali na wafadhili wamefanya kampeni nyingi, na zimemwendea zaidi mama kijana kliniki. Anayeshika mwiko nyumbani mara nyingi hakualikwa.

Senegal imeonyesha njia nyingine. Mtaalamu wa afya ya jamii Judi Aubel na wenzake waliwaweka mabibi katikati ya mafunzo ya lishe, wakianza kwa kuwaheshimu na kuwauliza wanachokijua, kisha wakajadiliana nao mambo mapya. Akina mama wa vijiji hivyo walibadili namna ya kunyonyesha na kulisha watoto kuliko wale wa vijiji ambako mabibi hawakuhusishwa. Ufipa ingeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo sana. Ulezi, maharage, dagaa wa Kirando na Kasanga, mboga za majani: vyote vipo, na bibi wa Kifipa anakumbuka kuvichanganya kabla mahindi hayajatawala chungu.

Upande wa pili wa historia ni mzito. Mwaka 1963 na 1964 Ufipa ilipitiwa na vuguvugu la Kamchape. Mfano wake ulikwisha kupita katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia tangu miaka ya 1930. Waliokuja walikuwa vijana. Walikusanya kijiji, wakadai wanaweza kumtambua mchawi, wakawashurutisha watuhumiwa kutoa pembe na vifaa vyao, kisha wakawanywesha watu dawa. Willis alikuwapo na akaandika juu yake mwaka 1968. Aliona ndani yake, pamoja na hofu ya kweli ya uchawi, mvutano wa vizazi: vijana wakiwavua madaraka waliowatangulia mbele ya watu wote. Jina la Kamchape halijafa. Mkoani Kigoma limesikika tena katika miaka ya karibuni, pamoja na fujo na umwagaji damu.

Katika Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, mamia ya wazee, wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi tangu miaka ya 1990, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeyaandika mauaji hayo mwaka baada ya mwaka. Rukwa nayo imo katika orodha ya mikoa iliyoguswa. Juu ya hayo kuna mzaha wa taifa zima. Mtu akitaja Sumbawanga mbele ya Watanzania, haipiti dakika kabla hajatokea wa kusema habari za uchawi, za ungo na radi. Wasemaji hudhani ni kichekesho. Kwa bikizee wa Ufipa anayeishi peke yake, kila kichekesho cha aina hiyo kinaongeza nguvu kwenye ulimi wa jirani anayemtazama vibaya. Mzaha huo unapaswa kukoma, na redio, magazeti na wachekeshaji ndio wa kuanza.

Tuhuma ina njia yake, na wanaofuatilia kesi hizi huiona ikijirudia. Mwanamke amefiwa na mume. Watoto wako mbali au wametangulia. Ana shamba zuri karibu na kijito. Mtoto wa jirani anafariki kwa malaria au nimonia, na zahanati iko mbali. Mganga anaulizwa, naye bila kutaja jina anaelekeza: ni mwanamke, ni mtu wa karibu, ana macho mekundu. Baada ya hapo usiku mmoja unatosha. Shamba linabaki bila mwenyewe, na mara nyingi kuna ndugu wa mume aliyekuwa akilitamani siku zote.

Macho mekundu yana sababu ya wazi. Mwanamke wa Ufipa amepika ndani ya jiko lisilo na bomba la moshi tangu akiwa msichana wa miaka saba au minane. Kwa kuwa kuni ni za shida kwenye nyanda za nyasi, huchochea moto kwa magunzi na mabua ya mahindi, na hayo yana moshi mkali. Baridi humlazimisha kukaa karibu. Baada ya miaka 60 ya moshi huo macho hubadilika rangi na kutoa machozi. Wapo pia wenye ugonjwa wa vikope, na wenye mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Jiko banifu, dirisha moja ukutani na siku moja ya kliniki ya macho kijijini vinaweza kuokoa uhai wa mtu kwa maana kamili ya neno hilo.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 na ambayo bado ni Sura ya 18 ya sheria za nchi, inamtia hatiani anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi. Wengi huijua kama sheria ya kuwakamata wachawi. Ni wachache wanaojua kwamba inamlinda pia anayesingiziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na kijiji kinaweza kumpatia mjane hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake. Shamba lenye hati si rahisi kuporwa. Kwa usalama wa mzee, karatasi hiyo ina kazi kubwa kuliko hotuba kumi za Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani.

Matibabu ni haki nyingine iliyotangazwa. Sera inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure, na hospitali nyingi zimefungua dirisha la wazee na kuweka mabango ya kuwataka watu wampishe mzee. Hatua hiyo ni nzuri na imewapunguzia wengi foleni. Kinachowakwaza ni yanayofuata: kuandikiwa dawa na kuambiwa zikanunuliwe duka la nje. Shinikizo la damu na kisukari hutaka dawa kila siku, na kitambulisho cha msamaha wa malipo hakimezwi na maji. Umbali nao ni kodi. Anayetoka kijiji cha mbali cha Nkasi au Kalambo hulipa bodaboda fedha ambazo zingetosha chakula cha juma zima.

Kisha kuna suala la kuthibitisha umri. Walio na miaka 80 leo walizaliwa wakati wa ukoloni, bila cheti. Wengi hujua tu kwamba walikuwa wanachunga mbuzi uhuru ulipokuja. Ufipa ina bahati moja: Ukatoliki una mizizi mirefu huko, na vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani vina tarehe. Mtendaji wa kijiji anayejua hivyo humsaidia mzee akapata kitambulisho kwa siku chache. Asiyejua humzungusha mwaka mzima.

Kuhusu kipato, ukweli ni mfupi. Pensheni za kazini zinawafikia waliokuwa watumishi au waajiriwa, na mkulima wa Ufipa hakuajiriwa na mtu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huzifikia kaya maskini, zikiwamo za wazee, lakini unalenga kaya, na sehemu ya malipo yake hufungamanishwa na mahudhurio ya watoto shule na kliniki au na kazi za muda za mikono. Mzee anayeishi peke yake na asiye na nguvu za kazi hapati nafasi kubwa humo. Zanzibar ilichukua njia nyingine: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au maskini, na kiwango hicho kimepandishwa baadaye. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 za huko. Tanzania Bara bado haina malipo ya aina hiyo kwa wazee wote.

Hoja ya kwamba fedha kama hizo huliwa bure haina msingi. Huko Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee posho ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi wanaolea yatima wa ukimwi. Fedha zilikwenda kwenye chakula, sabuni, chumvi na mahitaji ya shule ya wajukuu. Mzee akipewa, kaya nzima inakula. Jambo jingine lilionekana pia: mwenye fedha kidogo mkononi anakopesheka, anaalikwa harusini, anasalimiwa na waliokuwa wakimpita. Tuhuma za uchawi humtafuta aliye peke yake na asiye na kitu. Kipato cha uhakika kinamtoa katika hali zote mbili.

Limebaki jambo la nne, sauti katika maamuzi. Serikali imeagiza mabaraza ya wazee yaundwe kuanzia vijiji hadi taifa. Katika maeneo mengi yapo kwa majina: yana mwenyekiti, yana muhuri, hayana hata nauli ya kwenda wilayani. Wazee wamedai uwakilishi bungeni kwa muda mrefu. Umoja wa Afrika, kwa upande wake, ulipitisha Januari 2016 itifaki ya haki za wazee inayozitaka nchi ziwashirikishe katika uamuzi na kuwalinda na tuhuma za uchawi. Mambo hayo makubwa yataamuliwa mbali na Ufipa. Yaliyo karibu hayahitaji kusubiri. Baraza la wazee lingeweza kukabidhiwa kazi halisi: kusuluhisha migogoro ya mipaka kabla haijafika kwenye baraza la ardhi, kushauri juu ya mbegu, kuingia darasani saa moja kwa juma kueleza historia ya Milansi na malungu, kukaa na mabibi wenzao kuhusu uji wa watoto. Mtu mwenye kazi inayojulikana na kijiji kizima si rahisi kumgeuza adui usiku.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kila mkutano huo katika Nkasi, Kalambo na Sumbawanga na uwe na ajenda moja ya kudumu: majina ya wazee wanaoishi peke yao, na kwa kila jina, paa lake likoje, kuni anapata wapi, macho yamepimwa lini, kitambulisho anacho au hana, na shamba lake lina hati au la. Mtendaji ana daftari, mwenyekiti ana orodha ya kaya, na majirani wanajua majibu. Mkutano ujao uanze nayo.